Ngazi ya Hayat

Hakuna aliyemwomba Inspekta Kaltum aiangalie ngazi. Kamishna alimtuma uwanjani kuchukua maelezo ya mwisho tu: msichana yuko mahabusu, kosa linajulikana, na jalada linatakiwa kufika parike, kwa mwendesha mashtaka, kabla ya jioni. "Usiende kunifungulia mambo," alimwambia, maana anamjua. Kaltum aliitikia vizuri, akavaa viatu vyake vya kutembelea, akaenda kuyafungua.

Uwanja wa michezo ulikuwa unajengwa upya, jukwaa moja baada ya jingine. Kampuni ya ujenzi ilikuwa imeahidi mbele ya redio na wakubwa kwamba vijana wa mitaa ya jirani watafundishwa kazi hapo hapo, wakishapata breve, cheti cha ufundi, waajiriwe kujenga paa. Mtaa wa Buyenzi ulitoa vijana wa kujaza basi. Lakini tangu Jumatatu asubuhi karakana ya mafunzo ilifungwa kwa mnyororo, na vijana hao walikuwa wamekaa nje ya geti na kombati zao za buluu, wakingoja kuambiwa warudi walikotoka. Mwenzao Faruk alikuwa amepanda ngazi ya chuma waliyoiunda wenyewe kwenye jukwaa la kaskazini, mfuko wa saruji begani, ngazi ikaachia upande mmoja. Faruk alilala hospitali, amevunjika mguu na nyonga. Mahali palipoachia palikuwa pamegongwa herufi H, alama ya Hayat, msichana aliyeko mahabusu.

Msimamizi wa ujenzi, Astère, alimpokea Kaltum kama mtu anavyompokea fundi bomba aliyekuja baada ya maji kukauka.

"Ni sudire mubaya, madamu," alisema, akionyesha mahali chuma kilipoungwa. "Tuliwaambia wakubwa. Mutoto wa garaji ni wa garaji. Uyu msichana alishika posti, mashini ya kusude, ku garaji ya Buyenzi, akazania anajua."

"Wasipofanya wao, nani atafanya?"

"Watu wenye kusoma. Wako."

"Wako wapi?"

"Wako tu."

Kaltum alikuwa ameshasikia getini kwamba binamu wawili wa Astère wanasubiri nafasi hizo kwa hamu. Alimgeukia mwalimu wa kuchomelea, Ingrid, Mrundi aliyesomea kazi hiyo Ubelgiji na kurudi nayo, ambaye hakuwa amelala vizuri tangu Jumatatu na hakujaribu kuficha.

"Kila mwanafunzi ana herufi yake ya chuma," Ingrid alieleza. "Akimaliza mshono wa kuunga chuma anaigonga pembeni, tujue ni kazi ya nani. Hii H ni ya Hayat. Ijumaa asubuhi nilikagua ngazi yote. Ilikuwa siku ya kuwaonyesha wazazi karakana, na wazazi wenyewe walipanda na kushuka. Ilikuwa nzima."

Kaltum alijilaza chali chini ya ngazi.

"Madamu, utachafuka," alisema Astère.

"Nimeshachafuka."

Alikaa huko chini muda mrefu kuliko Astère alivyopenda. Mshono wa Hayat ulikuwa haujaachia chochote. Ulikuwa bado umeshika nguzo, mnene na mzuri, na herufi yake pembeni. Kilichoachia ni bamba la ngazi lenyewe, jirani kabisa na mshono, na lilikuwa limeliwa kutoka chini, upande ambao mtu anayepanda hawezi kuuona. Kingo zilikuwa na matone ya chuma yaliyoganda. Kulikuwa pia na mabaka meupe, kama unga uliomwagika ukakauka.

"Hii haikuvunjika," alisema akijiinua. "Imekatwa. Hapa chuma kinakatwa kwa nini?"

"Kwa shalimo, ile ya gesi," alisema Ingrid.

"Inakaa wapi?"

"Mu depo," alijibu Astère.

"Ufunguo wa depo?"

Astère aligusa mfuko wake kabla hajajizuia. "Niko nao mi. Lakini apana, madamu. Usinitazame ivyo."

Kaltum aliendelea kumtazama hivyo hivyo. Kusema kweli alifurahi kidogo, maana mtu mwenye ufunguo, mwenye binamu wawili na mwenye dharau angefaa sana kuwa mkosaji. Ila kingo za bamba zilimkatalia. Gesi hukata kwa mstari safi, na hapa chuma kilikuwa kimetafunwa. Mtafuno huo aliufahamu tangu utotoni, uani kwa baba yake fundi Amissi, Mungu amrehemu. Gesi ilipokosekana mjini, baba yake alichukua bageti, vile vijiti vya kuchomelea, akaviloweka kwenye kopo la maji, akapandisha moto wa posti. Bageti iliyolowa haiungi. Inatoboa, inatema cheche, na ganda lake linabaki mabaka meupe kwenye chuma. Nusu ya magari ya Buyenzi yalikatwa hivyo.

"Unawafundisha kukata kwa bageti za maji?" alimuuliza Ingrid.

"Hapana, ni marufuku hapa. Inaharibu posti."

"Ni mwanafunzi gani anayeijua?"

Ingrid aliwatazama vijana wa getini. "Wengine wote walikuja hawajawahi kushika posti. Aliyetoka garaji ni Hayat peke yake."

Astère alitabasamu. Kaltum alitamani asingekuwa amejilaza chini ya ngazi ile, kwa kuwa alikuja na msichana mzembe, sasa ana msichana mharibifu, na kwa hilo kifungo ni kirefu zaidi. Lakini alishaona, na alichokiona hakiwezi kurudi kisionekane.

"Posti inataka umeme. Unapatikana saa ngapi hapa?"

"Tunatumia jenereta," alisema Ingrid. "Ijumaa jioni ilizimwa, na uwanja ulilindwa hadi Jumatatu. Ijumaa alasiri posti zote zilikuwa zinatumika mbele ya macho yangu. Mchana ndipo jenereta ilikuwa inawaka bila kazi, kwa ajili ya spika za sherehe. Watu walikuwa wanakula, na Waislamu walikwenda kuswali Juma."

"Na Hayat?"

"Alikula na mimi darasani. Alitaka nimweleze mchoro wa paa. Hakunitoka machoni mpaka kazi ilipoanza tena."

"Ulimwambia nani jambo hili?"

"Hakuna aliyeniuliza, Inspekta."

Kaltum alivuta pumzi, akaenda getini kumuuliza mlinzi. Mlinzi alisema Astère alikula pamoja na walinzi mchana kutwa, tena alikula sana. Wageni wa Buyenzi, je? Walitoka wote kwenda kuswali, kanzu na kofia zimejaa geti.

"Wote?"

"Kanzu zilitoka nyingi, madamu. Nani atahesabu kanzu?"

Kama kuna aliyebaki ndani, hakuna aliyemwona. Kaltum alimwomba Ingrid amkatie kipande cha bamba, kwa gesi safari hii, akakifunga kwenye kitambaa na kuondoka nacho.

Hayat alikuwa amesema neno moja tu tangu akamatwe: sudire yake, ule mshono, ilikuwa nzuri. Alilisema kwa polisi wa zamu, kwa Kamishna, na kwa wanawake wenzake wa mahabusu ambao hawakuwa wamemuuliza. Alipoletwa kwenye chumba cha maelezo alianza kulisema tena.

"Najua," alisema Kaltum. "Nimeiona. Ilikuwa nzuri."

Macho ya msichana yakajaa machozi ghafla. Kaltum akafungua kitambaa, akaweka bamba mezani.

Hayat alilitazama. Alipitisha kidole gumba ukingoni, polepole, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, kisha akakiondoa kana kwamba chuma bado ni cha moto. Machozi yakakatika. Alipoinua uso, ulikuwa uso mwingine.

"Ni mi," alisema.

"Ni wewe nini?"

"Nilikata mi. Andika."

"Kwa bageti za maji?"

"Ndio."

"Ulizilowekea wapi?"

"Mu kopo."

"Kopo gani?"

"Kopo tu."

"Saa ngapi?"

"Ijumaa, watu walipoenda kuswali."

"Ulikuwa darasani na madamu Ingrid."

"Nilitoka kidogo."

"Hukutoka. Ameniambia."

Hayat aliweka mikono yake chini ya meza. "Inspekta, polisi wanatafuta mutu wa kusema ni mi. Nimesema ni mi. Unataka nini ingine?"

"Nani alikufundisha kukata hivi?"

"Buyenzi wote wanajua."

"Mimi wa Buyenzi, na mimi najua. Nauliza wewe nani alikufundisha."

Jibu Kaltum hakulihitaji. Mtaa mzima unajua nani alimlea Hayat. Baba yake alipofariki, mdogo wa marehemu, fundi Massoudi, alimchukua mtoto huyo nyumbani kwake, akamshikisha taa garajini wakati wasichana wenzake wanashikishwa sufuria, na walipomcheka hakuwasikiliza. Ijumaa Massoudi alikuwa miongoni mwa wageni uwanjani. Kaltum alikuwa ameliona jina hilo kichwani tangu asubuhi akaliruka, na sasa alijua kwa nini. Mchana wa Ijumaa, mwanamume wa safu ya mbele msikitini haulizwi alikuwa wapi. Polisi mgeni wa kutoka Gitega angeuliza. Yeye, binti wa Buyenzi, alimwachia apite, na alijikasirikia kwa hilo njia nzima mpaka garajini.

Garaji ya Massoudi ilikuwa na kelele zake mtaani zamani. Siku hiyo alikuwa peke yake chini ya fremu ya kibasi, na benchi la wanafunzi lilikuwa tupu.

"Salaam aleikum, tonton," alisema Kaltum, kama vijana wa mtaa wanavyomwita mzee wao.

"Aleikum salaam, mutoto wa fundi Amissi. Karibu. Kunywa chai."

Alimmiminia mwenyewe. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu safi na mikono mikubwa, na alizungumza taratibu, kama mtu asiye na deni na yeyote. Alimuuliza habari za mama, za nyumbani, za kazi. Kuhusu Hayat hakuuliza, na Kaltum aliliweka hilo akilini.

"Kumenyamaza hapa," alisema.

"Shantie ya kujenga uwanja imenichukulia watoto wote. Wanapewa botini, wanapewa kofia ya plastiki, basi, tonton Massoudi anasahaulika. Wa mwisho alikuwa Hayat. Nilimwambia, mutoto, hapa ni kwako. Akasema anataka breve." Alitikisa kichwa. "Mi sikuwa na breve. Nimelisha nyumba."

"Lakini Ijumaa ulikwenda kumtazama."

"Nilienda. Nilipanda ngazi yake. Nilimusifu mbele ya watu."

"Halafu?"

"Halafu ku Juma, kama watu wote."

"Ulikuwepo basi kwenye mazishi ya mzee Khaled."

"Iyo ni kuuliza? Tulimuswalia palepale kiisha Juma. Nilitia bega ku jeneza na mi pia. Mungu amusamehe."

Kaltum alishusha kikombe. Ijumaa hiyo yeye mwenyewe alikuwa uani kwa mjane wa mzee Khaled, anakoroga wali wa matanga. Maiti ilitangazwa kuswaliwa baada ya Juma, ndiyo, na kwa kawaida ndivyo inavyokuwa. Lakini hospitali ilichelewesha kuutoa mwili. Wanaume walitoka msikitini wakaja kukaa kwenye majamvi nje, wamebanana kwenye kivuli chembamba cha ukuta, wakilalamikia jua na hospitali hadi alasiri. Yeyote aliyekaa kwenye jua lile bado analilalamikia. Lazima Massoudi alikwenda kutoa pole Jumamosi, akaambiwa marehemu alizikwa jana, na sehemu iliyobaki akaijazia mwenyewe kwa desturi.

"Mwili ulichelewa, tonton," alisema Kaltum. "Aliswaliwa baada ya alasiri."

Massoudi alichukua kitambaa, akafuta mikono, kidole kwa kidole.

"Basi nimechanganya. Mazishi ni mengi."

"Twende ofisini."

"Kwa kuchanganya mazishi?"

"Kwa kumwona Hayat."

Hapo ndipo alipoinua macho kwa mara ya kwanza. "Bado hawajamuachilia?"

"Wamuachilie kwa nini? Anapelekwa parike leo."

Fundi alisimama. Alivua aproni, akafunga mlango wa garaji, akamfuata.

Njiani Kaltum alipiga hesabu yake, na haikumpendeza. Alikuwa na mtu aliyekosea kueleza mazishi. Kamishna angecheka, na angekuwa na haki ya kucheka. Upande wa pili alikuwa na msichana aliyekiri kwa kinywa chake, na karani anayejua kuandika haraka. Hayat asipobadili neno, jioni atalala gereza kuu, na kampuni itakuwa na sababu nzuri ya kuwarudisha vijana wote wa getini.

Kamishna kweli hakufurahi.

"Msichana amekiri," alisema. "Unaniletea mzee wa watu ya nini?"

"Arudie mbele yake. Wawili ana kwa ana. Sheria inaruhusu."

"Sheria inaruhusu mambo mengi," alisema Kamishna, lakini akamwita Hayat.

Waliwekwa pande mbili za meza, bamba katikati. Hayat hakumtazama baba yake mdogo. Alimbusu mkono kwa desturi, akakaa, akayatupa macho yake sakafuni.

"Nani alikata bamba hili?" aliuliza Kamishna.

"Ni mi."

"Unasikia, Kaltum?" Kamishna akashika kalamu.

Kaltum alisikia. Alimtazama Massoudi. Fundi alikuwa ameshusha mabega kama aliyetua mzigo, na kama angenyamaza hapo, yangekwisha. Lakini alikuwa mtu wa kuombwa ushauri na mtaa mzima, na hakuzoea kunyamaza mbele ya mkubwa mwenzake.

"Chef," alianza, akimgeukia Kamishna, kwa sauti ya upole kabisa, "uyu ni mutoto. Wakati mwingine mutoto anafanya kitu sababu amechoka na kazi isiyo yake. Parike ya nini? Mufukuzeni ku shantie, inatosha, nimurudishe nyumbani. Nafasi yake iko. Posti yake iko. Nimeshaisafisha na kuipanga tangu Jumamosi, inamungojea."

Kamishna aliguna kwa kuafiki. Kaltum alifungua kinywa, lakini aliyetangulia kusema ni Hayat.

"Jumamosi?"

"Ndio, mutoto wangu."

"Ngazi ilianguka Jumatatu, tonton."

Kalamu ya Kamishna ilibaki hewani.

"Jumamosi nilikuwa bado niko na kazi yangu," Hayat aliendelea, polepole, kama anayesoma kitu kigumu. "Kulikuwa hakuna mutu wa kunifukuza. Ulijuaje kama nitarudi?" Alilisogeza bamba karibu yake. "Mi nilizania umekasirikia shantie. Nilizania umekata popote, ikatokea kwangu. Nikasema nibebe, sababu ulinibeba mi. Kumbe ulitafuta herufi yangu."

"Mutoto, twende nyumbani."

"Faruk amevunjika."

"Ijumaa walisema Jumatatu wataipima ngazi kwa mifuko ya muchanga!" Sauti ilimtoka Massoudi kwa nguvu, kisha ikashuka. "Bila mutu wa kupanda. Nasema tu habari nilizosikia, chef. Sijasema ni mi nilikata. Hakuna aliyeniona."

Na ilikuwa kweli. Kamishna alimtazama Kaltum, na Kaltum hakuwa na la kumpa. Aliyekuwa nalo alikuwa Hayat, na Hayat alikuwa anampenda yule mtu. Ilionekana wazi usoni mwake, na Kaltum alimhurumia kuliko alivyowahi kumhurumia mtu yeyote kwenye kiti kile.

"Inspekta," alisema msichana, "andika upya."

"Sema."

"Nilisema uongo. Si mi. Lakini mukono uliokata naujua, naweza kueleza ulivyofanya kazi." Alikaa wima, akaweka kidole kwenye chuma, akaanza kueleza kwa utaratibu, kama wanavyofundishwa kule karakanani kueleza kila kazi kabla ya kuigusa. Bageti zililowekwa mpaka ganda likalegea. Moto wa posti ulipandishwa hadi mwisho. Fundi alipiga magoti chini ya ngazi, akasogea mbali na mshono kidogo, asiuguse. "Kiisha akatoboa hapa mu katikati," alisema Hayat, "akaenda nayo mpaka ku ukingo."

"Apana," alisema Massoudi.

Wote walimgeukia. Alikuwa ameinama juu ya meza, kidole chake kikubwa kimeshafika kwenye bamba, kando ya kidole cha msichana.

"Si mu katikati. Ukianzia katikati chuma inakurudia ku uso. Unaanzia ku ukingo, ipate pa kutokea, kiisha unaingia ndani pole pole. Nilikufundisha ivyo. Mara ngapi nilikufundisha?"

"Mara nyingi, tonton," alisema Hayat, na sasa alikuwa analia.

Kama Hayat alikosea kwa kusudi au kwa uchungu, Kaltum hakumuuliza, wala hakupanga kumuuliza. Massoudi aliendelea kuinama pale, kidole juu ya chuma, akimtazama mwanafunzi wake. Ilimchukua muda kufahamu amesema nini. Alipofahamu, hakukiondoa kidole.

Kamishna, ambaye hajawahi kushika posti maishani mwake, alivuta karatasi safi, akamwomba fundi arudie taratibu, kuanzia ukingoni, ili apate kuandika.